Namna ya Kupima Umeme kwa Mizani

Anzia kwenye mita ya ukutani kwako. Usianzie kwenye ile picha ya Einstein aliyetoa ulimi, wala kwenye fulana iliyoandikwa E = mc² kifuani, wala, tafadhali sana, kwenye bomu. Bomu lina zamu yake huko mbele. Mtu akianza na bomu hatoki tena. Ataondoka akiamini kwamba mlingano huu unahusu mambo ya kutisha yaliyofichwa jangwani, kumbe unahusu friji lake.

Mita ya umeme ya TUKUZA inahesabu yuniti. Yuniti moja ni jouli 3,600,000 za nishati. Nuru huenda mita milioni 300 kwa sekunde, na hiyo ndiyo c. Izidishe kwa yenyewe, upate 9 yenye masifuri 16 nyuma yake. Katika mlingano, E ni nishati na m ni tungamo. Sasa chukua kalamu, gawa jouli za yuniti 25 kwa namba hiyo upate m, na jibu litakuja kwa kilo. Utapata mikrogramu moja, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hivyo ukitoka dukani na tokeni ya yuniti 25, umelipia mikrogramu moja ya nishati, kwa maana ile ile unayoikusudia ukinunua nusu kilo ya unga. Ina tungamo. Ardhi inaivuta. Ingekuwapo mizani nyeti ya kutosha, ungeuona mkono wake ukisogea.

Tungamo, kwa aliyeiacha fizikia skuli, ni ule ugumu wa kitu kusukumwa. Ndio unaomtoa jasho msukuma mkokoteni uliojaa mzigo hata njia ikiwa tambarare. Uzito ni jambo jengine, ni namna ardhi inavyolivuta tungamo hilo. Lakini hapa Unguja, ambako hatuhami kwenda mwezini, viwili hivyo vinakwenda pamoja, na mizani ya soko la Darajani inatosha kuvizungumzia vyote.

Ukishaizoea hesabu ya mita, uendee waya mzima. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mwengine, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Uchukue huo wa pili, uuache upitishe megawati zake zote 100 usiku na mchana, mwaka mzima, bila ya kupumzika hata siku ya Idi. Nishati yote itakayovuka bahari itakuwa na tungamo la gramu 35. Na usidhani gramu hizo ni elektroni. Umeme huu hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde, kwa hivyo elektroni za ndani ya waya zinatikisika pale pale zilipo. Hazitoki Ras Kiromoni zikafika Fumba. Kinachofika ni nishati, na nishati inakuja na tungamo lake.

Hapa simama kidogo, maana kisiwa hiki kina kumbukumbu inayoisomesha c² kuliko ubao wowote. Mwaka 2008 umeme ulikatika Unguja nzima kwa karibu mwezi. Ukakatika tena Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama. Wanawake na watoto walipanga foleni visimani na ndoo na madumu, samaki wakaharibika kwa kukosa barafu, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe jenereta zikanguruma mpaka watu wakawa wanazungumza kwa kupiga kelele mlangoni mwao wenyewe. Sasa fanya hesabu. Waya wa zamani ulikuwa na uwezo wa kiasi cha megawati 45. Hata ungelifanya kazi kwa uwezo wake wote katika miezi yote mitatu ya kiza, tungamo la nishati iliyokosekana lisingefika gramu nne.

Gramu nne. Zikienea kiganjani hazikuchoshi mkono, na kukosekana kwake kulikiacha kisiwa kizima bila ya maji ya mfereji. Mtu akikuuliza c² ni kubwa kiasi gani, usimtajie masifuri. Mkumbushe ile foleni ya kisimani.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi, kwa sababu ni ya kuacha. Acha kusema kwamba tungamo "hugeuka" nishati, kana kwamba kimoja lazima kife ndipo kingine kizaliwe. Mlingano una alama ya sawasawa katikati, na unamaanisha hivyo. Kitu kilichotulia, tungamo lake ndilo kipimo cha nishati yote iliyomo ndani yake: joto lake, mikazo yake, mitikisiko ya atomu zake, vyote. Kipe nishati, kinakuwa kizito. Inyang'anye, kinakuwa chepesi.

Jaribu jambo hili Jaws Corner, Mji Mkongwe, alasiri, wakati wazee wako barazani na kahawa imeshamiminwa. Sema: "Mzee wangu, kahawa hii ikipoa inapungua uzito." Atakujibu kwamba ni mvuke, mwanangu, kila mtu anajua. Mjibu kwa adabu kwamba mvuke umeuziba wote, hakuna hata tone lililotoka, na bado imepungua. Lita moja ya maji iliyotoka nyuzi 30 ikafika kwenye mchemko imeongezeka kiasi cha sehemu tatu za bilioni moja za gramu. Hakuna mizani duniani itakayokuonesha hilo kwenye dele la kahawa, na usijidai kuwa unayo. Lakini kiasi hicho kipo, na kimetoka kwenye makaa yaliyo chini yake. Kilo moja ya makaa ikiungua, ukikusanya moshi wote, hewa yote na jivu lote, ukalinganisha na makaa pamoja na oksijeni iliyoingia, utakuta pungufu ya kama theluthi moja ya mikrogramu. Skuli tulifundishwa kwamba moto haupunguzi tungamo. Walimu hawakutudanganya, mizani yao ndiyo haikuwa na uwezo wa kulalamika.

Ikiwa mzee anakutazama kwa wasiwasi, mwongeze hili: jiko, kahawa, moshi na joto lote vikifungiwa ndani ya sanduku ambalo halipitishi chochote, sanduku hilo halitapungua hata chembe. Pungufu ya makaa ni ziada ya kahawa na ya hewa iliyopata moto. Hakuna kilichopotea. Kimehama tu.

Atakachouliza baada ya hapo, na ana haki ya kuuliza, ni: umejuaje? Usimjibu "Einstein kasema." Hilo si jibu, na barazani halipiti. Mpe ushahidi wenyewe, kwa sababu unaingia akilini bila ya hesabu nzito.

Weka taa juu ya ukuta wa Forodhani. Taa itoe mimweko miwili ya nuru kwa mpigo mmoja, iliyo sawa kabisa: mmoja kuelekea baharini, mmoja kuelekea Beit al-Ajaib. Nuru humsukuma anayeitoa, kidogo mno, lakini humsukuma. Kwa kuwa misukumo miwili ni sawa na inapingana, taa inabaki pale pale.

Sasa panda boti inayopita mbele ya Forodhani, ikitoka bandarini Malindi kwenda upande wa Shangani, uitazame taa ile ile. Kwa macho ya aliye botini, taa ndiyo inayokwenda: inarudi kuelekea Malindi. Na ile mimweko haikunyooka tena. Imeelemea kidogo upande huo huo wa Malindi, kama mvua ya masika inavyomwangukia wima aliyesimama na kumpiga usoni kwa mshazari aliye juu ya vespa. Nuru iliyoelemea imebeba msukumo wa mwendo kuelekea Malindi. Umetoka wapi msukumo huo? Umetoka kwenye taa. Hakuna mahala pengine pa kutoka. Lakini mwendo wa taa haukubadilika, bado imekaa juu ya ukuta wake. Na msukumo wa mwendo ni tungamo mara kasi. Msukumo umepungua, kasi haikupungua. Basi kilichopungua ni tungamo. Ukiiandika hesabu yake, ambayo ni mistari michache, upungufu unatoka kuwa ni nishati ya mimweko ile ukiigawa kwa c mara c.

Irudie aya hiyo mpaka uweze kuisimulia bila ya kuitazama. Yaliyomo humo ni mambo matatu tu: nuru inasukuma, msukumo haupotei, na nuru huonekana imeelemea kwa anayekwenda. Ukiyakubali hayo matatu, huna namna ya kuikataa E = mc². Einstein mwenyewe alichapisha ushahidi wa aina hii mwaka 1946, miaka zaidi ya arubaini baada ya ule wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa makala ya kurasa tatu, iliyolifikia jarida la Annalen der Physik tarehe 27 Septemba 1905, wakati yeye ni kijana wa miaka 26, karani katika ofisi ya hataza mjini Bern. Hakuandika E wala c. Nishati aliiita L, na kasi ya nuru V. Mwishoni akapendekeza kwamba huenda chumvi za radiamu zikatumika kuijaribu nadharia hiyo. Mimi napenda sana jambo hilo: kijana asiye na maabara, anaonesha wenye maabara pa kuangalia.

Waliangalia. Mwaka 1932, Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton waliipiga lithiamu kwa protoni, na kiini kikagawanyika kuwa viini viwili vya heliamu. Jumlisha kwa vizio vya atomu: lithiamu 7.0160 na hidrojeni 1.0078 ni 8.0238. Heliamu mbili ni 8.0052. Kimekosekana 0.0186. Na kasi ambayo viini viwili vile viliruka nayo ilikuwa ndiyo nishati ya kiasi hicho hicho kilichokosekana. Kanuni hii imepimwa tena mara nyingi. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2005 kilikuta pande mbili za alama ya sawasawa zinakubaliana ndani ya sehemu nne kwa milioni kumi.

Ukitaka kuiona ikifanya kazi kwa ukubwa, nenda mashariki ya kisiwa. Paje na Jambiani, maji yakitoka, kina mama wanavuna mwani na kuuanika juani. Jua linaloukausha hupoteza zaidi ya tani milioni nne za tungamo kila sekunde, kwa kuunganisha hidrojeni kuwa heliamu iliyo nyepesi kwa asilimia 0.7 kuliko hidrojeni iliyotumika. Katika tani hizo, dunia nzima inapata kama kilo mbili kwa sekunde. Fungu la Unguja, kwa siku nzima yenye jua zuri, ni kama gramu 300. Hizo ndizo zinazokausha mwani wote, dagaa wote, karafuu zote na nguo zote za kisiwa, zikakuza minazi, na bado nyingi zikabaki zikarudi angani usiku kama joto.

Haya ni makubwa na ya mbali. Lililo dogo na la karibu liko sokoni Darajani, kwenye ndizi. Ndizi ina potasiamu, na atomu chache za potasiamu, kama moja katika kila 8,500, ni za aina isiyotulia iitwayo potasiamu-40. Ndani ya ndizi moja atomu kama 15 za aina hiyo huvunjika kila sekunde. Nyingi hutoa elektroni ya kawaida na kuwa kalisi. Lakini mara moja moja sana, kwa wastani baada ya saa moja na ushei, moja hutoa positroni, ambayo ni elektroni yenye chaji ya kinyume. Positroni haifiki mbali. Inakutana na elektroni ya jirani ndani ya nyama ya ndizi, na zote mbili zinatoweka, tungamo lao lote, bila ya kubaki hata jivu. Mahala pao zinatoka fotoni mbili, yaani chembe mbili za nuru, migongo imeelekeana, kila moja ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511. Namba hiyo ndiyo tungamo la elektroni moja ukilizidisha kwa c². Muuzaji hajui, mnunuzi hajui, na ndizi haidhuru mtu. Ule kwa raha. Lakini kama umewahi kusikia kwamba maada kutoweka yote ikawa nuru ni mambo ya sinema za kizungu, ujue linatendeka juu ya meza za Darajani kila siku ya Mungu.

Sasa bomu, kwa kuwa barazani litaulizwa tu. Swali huwa hivi: ikiwa kila kitu kina nishati hiyo, je, jiwe hili tulilokalia? Jibu la kweli ni kwamba jiwe la matumbawe la kilo moja lina nishati ya yuniti bilioni 25, ambazo zingetosha kuujaza waya wa Fumba kwa miaka 28. Nayo haitoki. Protoni na nyutroni za jiwe haziruhusiwi kutoweka hivi hivi. Tunachoweza sisi ni kuzipanga upya, na mpangilio mmoja huwa mwepesi kidogo kuliko mwengine. Disemba 1938, katika mji wa Kungälv nchini Sweden, mwanafizikia Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch walikaa msituni kwenye theluji na kipande cha karatasi, wakaona kwamba kiini cha urani kikigawanyika mara mbili vipande vyake vitakuwa vyepesi kwa kiasi cha moja ya tano ya protoni. Hicho ni chini ya sehemu moja ya elfu ya urani yenyewe. Urani hiyo iko hata katika ardhi ya Tanzania, Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo. Na nishati iliyoiteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilikuwa na tungamo lisilofika gramu moja. Litaje hilo kwa sauti ya chini, na usiruhusu mtu alifanyie mzaha.

Mlingano haukutengeneza bomu. Hata makaa yanautii. Bomu lilitokana na kugundua namna nyutroni moja inavyoweza kukivunja kiini kimoja na kutoa nyutroni nyengine za kuvivunja viini vyengine. Mwenye kumlaumu Einstein kwa E = mc² na aulaumu pia moto wa kuni.

Kabla hujainuka kwenye jiwe hilo, liulize linapata wapi kilo yake. Karibu yote iko kwenye protoni na nyutroni. Kila protoni ina kwaki tatu ndani yake, na matungamo ya kwaki hizo ukiyajumlisha unapata kama asilimia 1 tu ya protoni. Asilimia 99 zilizobaki ni nishati: mwendo wa kwaki na nguvu inayozibana pamoja. Kwa hivyo zile kilo zako 70 ulizopimwa kliniki, karibu zote ni nishati iliyofungiwa mahala padogo. Kwenye mizani ile, muuguzi alikuwa anasoma E na kuigawa kwa c².

Matumizi ya mwisho ya mwongozo huu ni ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam, na ndiyo yaliyonifanya niuandike. Miaka nenda miaka rudi, wagonjwa wa saratani kutoka Unguja wamekuwa wakivuka kwenda Taasisi ya Ocean Road kupigwa mionzi, kila mmoja na jamaa wa kumsindikiza na hofu asiyoisema. Mashine ambazo zimetumika sana kwa kazi hiyo zina kobalti-60 ndani yake. Kiini cha kobalti-60 hugeuka nikeli, na nikeli ni nyepesi kidogo. Tofauti hiyo hutoka, sehemu kubwa yake ikiwa ni fotoni mbili kali, nazo ndizo zinazoelekezwa kwenye uvimbe. Kila baada ya miaka 5.27 nusu ya kobalti huwa imekwisha, ndiyo maana kobalti ya mashine hizo haina budi kubadilishwa baada ya miaka.

Msindikizaji lazima alijue hili: fotoni ni nuru. Zikipita zimepita, kama nuru ya taa inavyopita. Mashine ikifungwa, hakuna kinachobaki ndani ya mwili wa mgonjwa wala kwenye nguo zake. Aliyedungwa dawa ya kipimo cha PET, kama kile kilichofunguliwa mwaka 2018 katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, hali yake ni nyengine: dawa hiyo hutoa positroni ndani ya mwili, zikatoweka pamoja na elektroni kama zile za kwenye ndizi, na kwa kuwa nusu yake huisha kila dakika 110, anatakiwa ajitenge na watoto wachanga na waja wazito kwa saa chache. Lakini aliyepigwa mionzi ya mashine kutoka nje hamwambukizi mtu mionzi, si ndani ya boti, si nyumbani. Akirudi Unguja alale na watoto wake chumba kimoja, abebe mjukuu, na asitengewe sahani peke yake. Ale na wenziwe sinia moja.